Sura ya Nne: Mpangaji Aliyejifanya Mwenye Nyumba

Anayeijua nyumba ya Kiswahili ya kupangisha, zile zilizojaa Kisauni, Likoni na Magongo kule Changamwe, ameshaelewa nusu ya yatakayoelezwa hapa. Katikati pana ukumbi, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande wa pili, na uani pana choo, jiko na mfereji wa wote. Kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake. Mwenye nyumba ndiye mwenye funguo zote. Ndiye akataye stima, abadilishaye kitasa, amtoaye asiyelipa kodi. Mfumo endeshi wa simu au kompyuta umepangwa hivyo hivyo. Programu unazozipakua, ya muziki, ya benki, ya picha, ya kusomea Kurani au Biblia, ndizo wapangaji. Kila moja ina chumba chake na haina ruhusa ya kuchungulia cha jirani. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, ambayo wataalamu huiita kiini, ndiyo inayoshika funguo zote. Sura hii inahusu kasoro za aina moja tu: zile zinazomwezesha mpangaji halali, aliyeingia kwa mlango wa mbele na kwa ridhaa yako, kuzipata funguo za mwenye nyumba bila mtu yeyote kumpa. Huko ndiko kujipandisha mamlaka.

Tumezoea kuzungumza juu ya usalama wa simu kana kwamba jambo zima ni mlango: kirusi kimeingia au hakikuingia. Mazungumzo hayo yanaficha sehemu nzito zaidi ya tatizo. Programu nyingi zenye nia mbaya haziingii kwa nguvu, huingia kwa kukaribishwa, na zikiwa zimefungiwa chumbani mwao madhara yake huwa na mpaka. Kinachogeuza udhia kuwa maafa ni ule ufa wa ndani unaoziwezesha kutoka chumbani. Na hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba kwa mkaazi wa bara la Mombasa hatari kubwa haitokani na kuwepo kwa nyufa hizo, kwa maana ziko kila mahali, London na Tokyo pia. Hatari yake kubwa inatokana na muda unaopita kati ya siku ufa unapozibwa huko kiwandani na siku kiraka kinapoifikia simu iliyo mkononi mwake, ikiwa kitaifikia. Muda huo huamuliwa na biashara na sheria, na kwa hiyo unaweza kufupishwa.

Tuanze na asili ya nyufa zenyewe. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoujenga mfumo wa Unix katika maabara za Bell huko Marekani, kazi iliyoanza mwaka 1969, kompyuta ilikuwa kitu cha gharama kubwa na watu wengi walitumia moja kwa pamoja. Ilibidi kila mtumiaji apewe namba yake na mafaili yake yalindwe na wengine. Namba 0 ikawa ya yule anayeruhusiwa kila kitu, anayejulikana hadi leo kwa jina la ruti. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, ilirithi mpangilio huo, na Android ikajengwa juu ya kiini cha Linux kwa nyongeza moja ya busara: badala ya kila mtu kuwa na namba, kila programu ikapewa namba yake kana kwamba ni mtu. Ndiyo maana simu ya shilingi 10,000 iliyonunuliwa kwenye kibanda karibu na feri ya Likoni ina ndani yake utaratibu uliobuniwa kuwatenganisha watafiti wa miaka hamsini iliyopita.

Lakini utenganisho kamili hauwezekani, kwa sababu programu isiyoweza kuomba chochote haina kazi. Lazima iombe kufungua faili, kuwasha kamera, kutuma ujumbe, na anayejibu maombi hayo ni kiini. Katika Unix palitokea swali gumu: mtumiaji wa kawaida atabadilishaje neno lake la siri ilhali faili la maneno ya siri ni mali ya ruti? Ritchie akabuni alama maalumu inayoifanya programu fulani ifanye kazi kwa mamlaka ya mmiliki wake hata ikiwashwa na mtu wa chini; hataza ya ubunifu huo ilitolewa mwaka 1979. Ubunifu ulikuwa mzuri na ungali unatumika. Ila kila daraja la namna hiyo linategemea uangalifu wa aliyeliandika: amehakikisha anayeomba ni nani, ameomba nini, urefu wa maandishi aliyoyaleta ni upi, na kwamba hakuna kitu kilichobadilishwa kati ya kukaguliwa na kutumiwa. Akisahau moja tu kati ya hayo, mpangaji ameshavuka.

Na usahaulifu huo hudumu. Programu iitwayo sudo, ambayo karibu kila seva ya Linux duniani inayo, iliingiziwa kosa mwezi wa Julai 2011. Kampuni ya Qualys ililitangaza Januari 2021. Mwaka mmoja baadaye Qualys hao hao wakatangaza kosa jingine katika programu ya pkexec, lililokuwemo tangu 2009. Kwa takriban miaka kumi katika kisa cha kwanza na zaidi ya kumi na miwili katika cha pili, mtumiaji yeyote mdogo aliyeijua siri hiyo angeweza kuwa ruti kwa sekunde chache. Na hapa hapakuwa na siri ya kampuni iliyofungiwa kabatini. Msimbo wa programu zote mbili ulikuwa wazi kwa kila aliyetaka kuusoma.

Kisa kinachofundisha zaidi ni kile kilichopewa jina la Dirty COW. Kiini cha Linux kina mbinu ya kubana matumizi ya memori: programu mbili zinapohitaji faili lile lile, huonyeshwa nakala moja, na ni pale tu moja inapotaka kuandika ndipo huchongewa nakala yake binafsi ili ya asili isiguswe. Sasa chukua programu moja yenye mikono miwili. Mkono mmoja unaomba kuandika, na mwingine, papo hapo, unaiambia memori iitupe nakala iliyochongwa. Maombi hayo yakirudiwa maelfu ya mara, hufika nukta moja ambapo kiini kimekwisha kutoa ruhusa ya kuandika lakini nakala binafsi haipo tena, na maandishi yanaangukia kwenye faili la asili, lile ambalo programu iliruhusiwa kulisoma tu. Mwenye kuweza kuandika juu ya mafaili ya ruti ameshakuwa ruti. Phil Oester aliligundua jambo hilo mwaka 2016 baada ya kunasa shambulio lililokuwa likitumika tayari. Kasoro yenyewe ilikuwemo tangu 2007, na Torvalds mwenyewe alieleza kwamba aliwahi kujaribu kuirekebisha miaka kumi na mmoja kabla, kisha rekebisho hilo likaondolewa kwa sababu lilileta matatizo kwenye aina nyingine ya kompyuta. Kwa hiyo muumba wa mfumo aliujua ufa, akauziba, ukafunguliwa tena, ukakaa miaka tisa. Anayedhani usalama utapatikana kwa kungoja mfumo usio na kasoro anangoja kitu ambacho historia nzima ya fani hii haijawahi kukitoa.

Ndiyo sababu nasema kiraka ni muhimu kuliko ukamilifu, na kwamba kasi ya kiraka ni muhimu kuliko kiraka chenyewe. Mwezi wa Oktoba 2019, Maddie Stone wa kikosi cha Google kinachotafuta kasoro alitangaza ufa katika sehemu ya Android inayobeba mawasiliano kati ya programu na programu. Ufa huo ulikuwa umeshazibwa katika kiini cha Linux tangu mwanzoni mwa 2018. Lakini simu nyingi hazikufikiwa na dawa hiyo. Kwa mwaka mmoja na nusu na zaidi, viwanda viliendelea kuuza simu mpya zenye ufa ambao dawa yake ilikuwa hadharani, na dalili zilionyesha kwamba wauzaji wa zana za ujasusi walikuwa wakiutumia. Dawa iliyo hadharani ni hatari ya namna yake: mwenye nia mbaya akiisoma anaona palipokuwa na ufa, kisha anawatafuta wale ambao haijawafikia.

Mfano wa pili unatugusa kwa karibu zaidi. Chipu za MediaTek ndizo zinazoendesha sehemu kubwa ya simu za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki, zikiwemo Tecno na Infinix nyingi. Katika simu zenye chipu hizo kulikuwa na draiva, yaani programu inayoiendesha chipu, ya kupanga foleni ya amri za picha, na draiva hiyo ilikubali maombi ya kusoma na kuandika popote katika memori, kutoka kwa programu yoyote, bila kuuliza wewe nani. Mwanzoni mwa 2019 mpenzi mmoja wa simu aliitumia kasoro hiyo kufungua tableti za Amazon, akaisambaza kwa wenzake kama zana ya bure. MediaTek walitoa kiraka mwezi wa Mei mwaka huo huo. Lakini kiraka cha mtengeneza chipu hakiendi kwako moja kwa moja. Kinapitia kwa mtengeneza simu, naye hana anayemlazimisha. Ilipofika Januari 2020, kampuni ya Trend Micro ilikuta katika duka rasmi la Google programu zilizoonekana za kawaida zikitumia njia hiyo kujipatia mamlaka ya ruti. Google waliiweka katika orodha ya viraka vya lazima Machi 2020, miezi kumi baada ya dawa kuwa tayari. Na hapo bado tunazungumzia simu ambazo watengenezaji wake walitoa kiraka. Kwa zile ambazo uangalizi wake ulikuwa umekwisha, kasoro hiyo itakaa hadi simu ife.

Msomaji anaweza kuuliza kama kuna ushahidi kwamba haya yamewahi kufika kwetu. Upo. Tarehe 3 Aprili 2017, Google pamoja na kampuni ya Lookout walitangaza kugundua programu ya ujasusi waliyoiita Chrysaor, waliyoamini kuwa ni kazi ya kampuni ya Israeli ya NSO Group, ndugu wa ile Pegasus ya iPhone. Simu zilizoathirika zilikuwa chache mno, pungufu ya dazeni tatu kati ya zaidi ya bilioni moja, lakini katika orodha ya nchi zilikokutwa, Kenya imo na Tanzania imo. Ikishapata mamlaka, Chrysaor ilisoma jumbe za WhatsApp na barua pepe, ikapiga picha za kioo, ikarekodi kila kinachoandikwa, na iliweza kupokea simu kimyakimya ili mtu wa mbali asikilize mazungumzo ya chumbani. Mwaka uliofuata, watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto waliitaja Kenya tena, pamoja na Uganda, Rwanda na Oman, kati ya nchi 45 walimoona dalili za Pegasus.

Kitu ambacho taarifa za magazeti hazikukikazia ni jinsi Chrysaor ilivyojipandisha mamlaka. Mtu angetarajia kwamba kampuni inayouza kwa serikali kwa mamilioni ya dola ingetumia kasoro mpya ambayo hakuna aijuaye. Sivyo. Nakala iliyochambuliwa ilitumia mkusanyiko uitwao Framaroot, ambao ulisambazwa tangu 2013 kwa vijana waliotaka kufungua simu zao wenyewe, na ambao mafundi wengi wa simu duniani waliujua. Kasoro zake zilikuwa za zamani, nyingi zimeshazibwa. Zilifanya kazi kwa sababu simu zilizolengwa zilikuwa za zamani pia. Na baada ya kuingia, kitu kimojawapo ambacho programu hiyo ilikifanya mapema ni kuifuta programu ya Samsung inayoleta masasisho na kuzima masasisho ya kujiendesha. Majasusi wenyewe, kwa kitendo chao, wametuonyesha wanachokiogopa.

Waliolengwa na Chrysaor walichaguliwa mmoja mmoja. Kuna ufisadi mwingine usiochagua. Mwezi wa Agosti 2020, kampuni ya Secure-D pamoja na BuzzFeed News walieleza kuhusu simu ya bei ya chini, Tecno W2, iliyouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini ikiwa na programu za Triada na xHelper ndani yake kabla mnunuzi hajaifungua boksi. Secure-D walihesabu maombi milioni 19.2 ya miamala ya kutiliwa shaka kutoka simu zaidi ya 200,000. Programu hizo ziliwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia wasizoziomba, na zilikula kredi na bando zao kidogo kidogo. Tecno walijibu kwamba marekebisho ya Triada yalitolewa Machi 2018 na ya xHelper mwishoni mwa 2019, na kampuni mama ya Transsion ikasema aliyeingiza ni mtoa huduma mmoja katika mnyororo wa uzalishaji. Kuhusu xHelper, uchambuzi wa Kaspersky ulionyesha kwamba ilivuta vibaraka waliotumia kasoro za Android 6 na 7 kuwa ruti, wakajiandika kwenye sehemu ya mfumo ambayo hata kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hakuigusi. Mwenye simu alifuta kila kitu, akaanza upya, na mpangaji yule yule akawa bado yumo.

Kuna wanaosema: muuza samaki wa Likoni au mbeba mizigo wa Changamwe ana nini cha kumvutia jasusi? Pingamizi hili linasahau kwamba tangu Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa, simu ya mtu wa kawaida Kenya imekuwa mfuko wake, daftari la madeni, akiba ya chama na mara nyingi njia ya mkopo. Kisa cha W2 kinajibu vizuri kuliko hoja yoyote: wale hawakumtafuta tajiri. Walichukua kidogo kutoka kwa wengi, na walichagua maskini makusudi au kwa matokeo, kwa kuwa yeye ndiye anunuaye simu isiyoangaliwa na mtu. Shilingi kumi na tano za bando kumkatikia mtu anayengoja kupigiwa simu ya kibarua bandarini si hasara ndogo.

Pingamizi la pili ni zito na linastahili heshima. Wizi mwingi wa pesa za simu Kenya haupitii kwenye kasoro yoyote ya kiini. Tapeli hupiga simu, hujifanya mhudumu wa kampuni, humtia mtu hofu hadi ataje namba yake ya siri. Au laini hubadilishwa dukani kwa kitambulisho cha kughushi. Au programu ya mikopo huomba ruhusa ya kusoma anwani zote na mtu anabonyeza kukubali. Yote ni kweli, na mwenye kuandika sera kwa shilingi mia moja tu angeitumia sehemu kubwa kuwaelimisha watu juu ya matapeli. Lakini utapeli na kasoro ya mfumo si njia mbili zinazoshindana. Utapeli humfanya mtu akaribishe programu. Kasoro humfanya mgeni huyo awe mkuu wa nyumba. Katika simu iliyozibwa vizuri, programu ya hila iliyokaribishwa hulazimika kuomba ruhusa kwa kila inachokitaka, na kila ombi ni nafasi nyingine ya mtu kushtuka. Katika simu yenye ufa hakuna maombi. Umakini wa mtumiaji, ambao ndio tunaouhubiri kila siku, unakuwa hauna mahali pa kufanyia kazi.

La tatu linatoka kwa mafundi wenyewe, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Kasoro hizi zimekuwa chombo cha uhuru. Kijana aliyejifunza kuflashi simu, yaani kuiwekea mfumo upya, na kuiruti katika kibanda cha Bombolulu au Mtongwe amezifufua simu nyingi ambazo viwanda vilikwisha kuzizika. Vilevile ziko simu zilizouzwa kwa mkopo. Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, ambapo mnunuzi alitanguliza shilingi 1,000 kisha akalipa shilingi 20 kila siku. M-KOPA nao wana mpango wa jinsi hiyo. Asipolipa, simu hujifunga. Kwa hiyo katika simu hizo kuna mwenye nyumba wa pili, mkopeshaji, aliye juu hata ya mwenye simu. Mtu akisema kwamba kuziba kila ufa ni kumkabidhi mkopeshaji na kiwanda mamlaka yote, hasemi upuuzi. Nakubaliana naye kwamba aliyemaliza kulipa simu yake anastahili kuwa ruti wa simu yake akitaka. Sikubaliani naye juu ya njia. Ufa haumjui mwenye simu. Yeyote akiugusa unamfungukia. Haki ya kuifungua simu inapaswa kuja kwa ufunguo unaotolewa na mtengenezaji kwa mnunuzi, kama baadhi yao wanavyofanya tayari. Isitoshe, fundi anayeiacha simu ya mteja ikiwa wazi bila kumweleza anamwondolea ulinzi ambao hakujua kuwa alikuwa nao.

Na bando je? Sasisho kubwa la mfumo linaweza kula zaidi ya kile ambacho familia hutumia kwa wiki, na mwenye simu ya memori ndogo huambiwa afute picha za watoto ili kiraka kipate nafasi. Lawama kwamba watu wetu hawapendi kusasisha simu hutolewa na watu wenye Wi-Fi nyumbani. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009 na kulibadilisha eneo zima la Afrika Mashariki; ni ajabu kwamba mji uliopokea nyaya hizo una mitaa ambayo kiraka cha usalama ni anasa. Kampuni za simu zimeweza kutoa WhatsApp kwa bando za bei maalumu. Kuyaondoa masasisho ya usalama katika hesabu ya bando ni jambo dogo kuliko hilo.

Haya hayahusu simu pekee. Changamwe ni mlango wa nyuma wa bandari ya Kilindini; ofisi za mawakala wa forodha, yadi za makasha na makampuni ya malori zimejaa kompyuta za Windows, na ofisi ndogo nyingi popote duniani huendesha kompyuta zao kwa desturi moja: kila karani anaingia kama msimamizi mkuu, kwa kuwa ni rahisi. Pakiwa na desturi hiyo mshambuliaji hahitaji hata kasoro, ameshapewa funguo. Tarehe 27 Juni 2017 programu ya NotPetya iliivamia kampuni ya Maersk, ambayo makasha yake hupita Kilindini. Iliingia kupitia programu ya mahesabu ya Ukraine, ikachota maneno ya siri ya wasimamizi kutoka katika memori za kompyuta, ikatembea kutoka mashine moja hadi nyingine ikiwa na cheo halali. Vituo 17 kati ya 76 vya bandari vya kampuni hiyo vilikwama, na hasara ilifikia dola milioni 250 hadi 300. Nakala pekee iliyosalimika ya orodha kuu ya watumiaji wao ilipatikana Ghana, kwenye seva iliyokuwa imezimika kwa kukatika umeme. Kampuni yenye uwezo wa Maersk iliokolewa na giza la Ghana. Wakala mwenye kompyuta tatu Magongo hana seva ya akiba popote. Ulinzi ulio katika uwezo wake haugharimu pesa: akaunti ya kawaida kwa kazi ya kila siku, akaunti ya msimamizi kwa siku ya kuweka programu, na kuachana na mifumo iliyokwisha muda. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 2025.

Sheria ya Kenya inasemaje? Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 humwadhibu anayeingia katika mfumo bila ruhusa kwa faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kumwadhibu mwizi ni sawa. Lakini hailazimishi anayeuza simu aseme ataitunza hadi lini. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kazi tarehe 29 Aprili 2024, inamtaka kila mtengenezaji aeleze kabla ya mauzo muda wa chini ambao atatoa masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, umekwenda mbali zaidi na kudai masasisho ya mfumo kwa miaka mitano baada ya mauzo ya modeli kukoma. Chipu ni zile zile, na kiini ni kile kile cha Linux. Kinachotofautiana ni mnunuzi gani amesemewa na serikali yake.

Watasema bei itapanda. Huenda ikapanda kidogo, na kwa mtu wa Mtopanga anayelipa kwa shilingi za kila siku hilo si jambo la kupuuzwa. Ila bei ya leo si ya kweli. Simu inayouzwa kwa bei ya chini kwa sababu itaachwa baada ya mwaka mmoja imemhamishia mnunuzi gharama ambayo hakuonyeshwa dukani. Nami siombi kwanza kwamba simu zote zitunzwe miaka mitano; naomba tarehe iandikwe kwenye boksi, ili mwenye kuchagua achague akijua. Wala isisemwe kwamba serikali haina mkono wa kufika huko. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huidhinisha kila aina ya simu kabla haijauzwa nchini, na mwezi wa Oktoba 2024 ilitoa tangazo la kutaka namba za utambulisho za simu zihakikiwe kama zimelipiwa ushuru, mpango uliopingwa mahakamani. Tangu Oktoba 2023 kuna hata kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, kilichozinduliwa na Rais William Ruto. Chombo kinachoweza kufikiria kuikagua simu kwa ajili ya ushuru kinaweza kuikagua kwa ajili ya usalama wa anayeibeba.

Hadi sharti hilo litakapowekwa, mnunuzi anaweza kulidai mwenyewe. Ukiwa dukani, kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji afungue mipangilio ya simu, sehemu ya maelezo ya simu, aangalie tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa ni ya zaidi ya mwaka mmoja uliopita, irudishe kaunta na uulize nyingine. Na kama u mwanachama wa chama cha mawakala, cha wanabodaboda, cha akina mama wa soko la Kongowea au cha mafundi wa simu, peleka ombi la tarehe hiyo kwa mbunge wako na kwa Mamlaka ya Mawasiliano kwa maandishi, kwa jina la chama.